Kuruka Kutoka KIA: Uwanja Mdogo, Masharti Yaleyale

Ndege zinazopaa kwa siku moja kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) kwenda nje ya Afrika unaweza kuzihesabu kwa vidole. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo msafiri wa KIA anatakiwa kulizingatia, na ndilo wengi wanalolipuuza. Wanaona foleni fupi, jengo ambalo humalizi dakika tano kulizunguka, maofisa wenye muda wa kusalimia, kisha wanajiambia kwamba safari ya hapa ni nyepesi. Kwa kiasi fulani ni kweli, na mimi mwenyewe napenda kusafiri kupitia viwanja vidogo. Lakini masharti ya usafiri wa anga hapa ni yaleyale ya Amsterdam au Doha. Kinachopungua ni njia za kujinasua mambo yakiharibika.

KIA ulifunguliwa mwaka 1971, katika tambarare ya wilaya ya Hai, kati ya Arusha na Moshi. Uko mita 894 juu ya usawa wa bahari na njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600. Urefu huo una sababu. Kadiri unavyopanda juu, na kadiri joto linavyoongezeka, hewa huwa nyepesi zaidi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta, hivyo ndege iliyojaa hulazimika kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuiacha ardhi. Kwa sababu ya njia hiyo ndefu, ndege kubwa kama Boeing 787 zinaweza kutua na kupaa hapa bila taabu.

Kinachokosekana ni wingi wa abiria. Kujaza ndege ya watu karibu 300 kila siku kutoka Arusha na Moshi peke yake ni kazi ngumu, hivyo baadhi ya mashirika huunganisha KIA na Dar es Salaam au Zanzibar katika safari moja. KLM kwa miaka mingi imekuwa ikifanya hivyo: inatua KIA, inaendelea Dar es Salaam, ndipo inarudi Amsterdam. Abiria aliyepandia KIA hatakiwi kushuka Dar. Anabaki kwenye kiti chake wakati wengine wanashuka, na wahudumu wanapita safu kwa safu wakiuliza kila begi la juu ni la nani. Mzigo usio na mwenyewe unashushwa. Kwa hiyo usilale usingizi wa pono Dar. Begi lako linahitaji mtu wa kulisemea.

Kufika uwanjani nako kuna mtego wake. Arusha ina viwanja viwili. Kisongo, magharibi mwa mji, ni wa ndege ndogo za ndani na za mbugani, na alama yake kwenye tiketi ni ARK. KIA uko mashariki, karibu kilomita 50 kutoka mjini, na alama yake ni JRO. Tiketi iliyoandikwa "Arusha" inaweza kumaanisha Kisongo, nawe ukajikuta Hai saa moja kabla ya ndege yako kuruka upande wa pili wa mji. Soma herufi tatu, usisome jina. Ukija kwa basi la Arusha–Moshi utashushwa njia panda ya KIA kwenye barabara kuu, na kutoka hapo bado kuna kilomita kadhaa za kuchukua teksi au bodaboda. Usiku usitegemee bahati. Panga usafiri mapema.

Kuhusu saa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Tiketi huandikwa kwa saa 24, na kila muda ulioandikwa ni wa mahali husika. Chukua ndege inayoondoka saa 03:15 tarehe 12. Kwa Kiswahili hiyo ni saa tisa na robo, usiku wa kuamkia tarehe 12. Maana yake unatakiwa kutoka nyumbani jioni ya tarehe 11 na kuwa uwanjani mnamo saa sita usiku. Anayesema "nasafiri tarehe 12 usiku" atafika tarehe 12 saa tatu usiku akiwa na mabegi na wasindikizaji wake, ndege ikiwa imeondoka karibu saa 18 zilizopita. Na hasara haiishii hapo: usipotokea kwenye kipande cha kwanza cha safari, mashirika mengi hufuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na tiketi ya kurudi. Ukimkatia mzazi tiketi, usimsomee tarehe na saa tu. Mwambie, "Mama, utatoka nyumbani Jumatano baada ya magharibi."

Wasindikizaji wanaagana nawe nje. Ukaguzi wa kwanza unaanza mlangoni: pasipoti na tiketi mkononi, mabegi yote kwenye mashine, mkanda unavuliwa na mara nyingi viatu pia. Baada ya kaunta na Uhamiaji kuna ukaguzi mwingine kabla ya kuingia sehemu ya kusubiri. Fika saa tatu kabla. Kaunta nyingi za safari za kimataifa hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na ikifungwa imefungwa. Usidanganywe na ukumbi mtupu. Viwanja vidogo hujaa kwa mawimbi: saa nzima kimya, halafu ndege mbili zinapangiwa muda unaokaribiana na watu mia kadhaa wanabanana mbele ya kaunta chache na madirisha machache ya Uhamiaji.

Mhudumu wa kaunta mara nyingi hajaajiriwa na shirika la ndege. Ni mtumishi wa kampuni ya huduma za uwanjani, kama Swissport, inayohudumia mashirika kadhaa kwa mkataba. Anaweza kupima mzigo, kuchapisha pasi ya kupandia na kukagua hati. Kusahihisha jina lililokosewa au kubadilisha tarehe ya tiketi mara nyingi hana uwezo nako. Hilo ni la ofisi au wakala aliyekuuzia, naye saa saba usiku amelala. Jina kwenye tiketi lilinganishe na pasipoti, herufi kwa herufi, siku uliyoinunua.

Msafiri hukereka mhudumu huyo anapodai kuona viza ya nchi ambayo si yake. "Kwani wewe ni Uhamiaji?" Sababu ni hii: abiria akikataliwa aendako, shirika lililompeleka ndilo linalowajibika kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Ndiyo maana mhudumu anaingiza uraia wako na njia yako kwenye mfumo uitwao Timatic, unaoonyesha masharti ya kila nchi, pamoja na zile unazopitia tu. Mwenye pasipoti ya Kongo (DRC), kwa mfano, anahitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen hata kama hatoki nje ya uwanja, isipokuwa awe na kibali kinachomwondolea sharti hilo. Watu wamezuiwa kaunta kwa jambo hilo wakiwa na tiketi halali na viza halali ya waendako. Cheti cha homa ya manjano nacho kinaulizwa na nchi nyingi. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, lakini huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo sindano ya wiki ya safari haisaidii.

Sasa mizigo ya vyakula, ambayo hakuna Mswahili anayesafiri bila nayo. Asali, achali, samli na mafuta ya nazi vyote vinahesabiwa kama vimiminika. Kwenye mzigo wa mkononi chombo kisizidi mililita 100, na kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo: chupa ya nusu lita yenye asali kidogo chini inakataliwa. Viweke kwenye begi la kupimwa. Lakini kupita KIA si kupita Ulaya. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka kwetu kuingiza nyama wala vitokanavyo na maziwa, na samli imo humo. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2.

Pawabanki ni kinyume chake: haikubaliwi kabisa kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto kule hakuna wa kuuzima. Kikomo cha kubeba mkononi bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Kama imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha ugawe kwa 1,000: pawabanki ya mAh 20,000 inatoa wati-saa 74, inapita. Ya mAh 30,000 inatoa 111, na hiyo inahitaji kibali cha shirika la ndege. Isiyo na maandishi yoyote inaweza kuchukuliwa, na mkaguzi atakuwa anafanya kazi yake.

Ndege ikichelewa ndipo udogo wa uwanja unapoonekana waziwazi. Kwenye kituo kikuu cha shirika kuna ndege nyingine, marubani wa akiba na ghala la vipuri. KIA utapanda ileile iliyowaleta wageni muda mfupi uliopita. Ikichelewa kutoka Amsterdam au Addis Ababa, itachelewa kwako. Ikihitaji kipuri ambacho hakipo, kitaletwa kwa ndege. Na saa za kazi za marubani zikiisha, sheria inawataka wapumzike, hata kama ndege imeshatengemaa. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani angalia kwenye simu kama ndege inayokuja kukuchukua imeshaondoka ilikotoka. Ukiona imechelewa, bado nenda kwa muda wa tiketi, mpaka shirika lenyewe likuambie vinginevyo.

Hapa pia ndipo tiketi moja inapoizidi thamani tiketi mbili za bei nafuu. Ukiwa na tiketi moja hadi mwisho wa safari, ukikosa ndege ya kuunganisha ni jukumu la shirika kukutafutia nyingine. Ukiwa na mbili zisizohusiana, ya pili imekufa, na mzigo wako unaweza kukutaka upite Uhamiaji wa nchi usiyo na viza yake.

Kuna haki ambayo wachache wanaijua. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda pia abiria anayeruka kutoka nchi isiyo ya Ulaya, mradi shirika ni la Ulaya na anaelekea Ulaya. Anayepandia KIA na KLM kwenda Amsterdam amefunikwa. Akifika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi kwa kosa lisilotokana na dharura ya nje, anaweza kudai hadi euro 600. Na hata dharura ikiwepo, chakula na malazi ni haki yake wakati wa kusubiri. Akiruka kwenda Ulaya kwa ndege za Ethiopian, Qatar au Turkish, kanuni hiyo haimhusu. Tunza pasi ya kupandia na risiti za ulichonunua ukisubiri.

Mwisho, stika ya mzigo. Kabla begi halijaingia kwenye mkanda, soma herufi tatu zilizochapishwa kwa ukubwa: ziwe za uwanja wako wa mwisho, si za kituo cha katikati. Kipande unachopewa kina namba ya tarakimu 10, na ndiyo itakayotumika kulitafuta begi likipotea. Lisipotokea, andikisha taarifa kabla hujatoka kwenye ukumbi wa mizigo. Mkataba wa Montreal, ambao Tanzania ni mwanachama, unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi kuhusu begi lililoharibika na siku 21 kwa lililocheleweshwa, zikihesabiwa tangu ulipolipokea.