Kinanda cha Mzee Kikivuma, Usikitupe: Tazama Kapasita Kwanza

Wapwani wenzangu, leo naandika nikiwa Kawangware, magharibi mwa Nairobi, na vidole vyangu vingali vyanuka lehemu. Mwaka jana ami yangu wa Mombasa alinipigia simu akanambia, "Mwanangu, kinanda chavuma kama mzinga wa nyuki. Kuna mtu wa vyuma kuukuu yuaja kesho, nampa."

Kinanda anachokisema ni amplifaya ya Kijapani aliyoinunua miaka ya sabini, pamoja na mashine ya santuri na ya kaseti. Nilimsihi asimpe mtu. Kabatini mwake mna santuri za Mzuri, zile za Assanand wa Mombasa, na mna kaseti moja isiyo na nakala: nyanya yetu akiimba harusini. Nyanya hayupo tena. Nikamwambia ami aifunge amplifaya kwa blanketi, pamoja na mashine ya kaseti na ile kaseti yenyewe, avitie kwenye basi la usiku.

Vilipofika nilipanda matatu namba 46 hadi mjini, nikaipeleka amplifaya Luthuli Avenue, ambako maduka ya redio, spika na vipuri yamebanana ukuta kwa ukuta. Fundi wa kwanza hakuifungua hata. "Mzee, hii ni ya kutupa," alisema. Wa pili aliifungua, akabadilisha kapasita mbili, akanambia imepona. Nilipoiwasha nyumbani, dakika kumi hazikutimia, moja ikapasuka kama fataki na chumba kikajaa harufu mbaya ya samaki. Kumbe ile ya zamani ilikuwa ya volti 50, naye alitia ya volti 25 kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda Kangemi kila Jumamosi kwa fundi mmoja mzee, nikae kando yake nijifunze. Aliyonifundisha nawapa nanyi, kwani najua vinanda kama cha ami viko nyumba nyingi za pwani.

Kapasita ni nini? Fikirini birika la maji. Maji yaingia kwa ndoo, ndoo baada ya ndoo, lakini mferejini yatoka kwa mkondo mmoja. Umeme wa ukutani, volti 240, hupunguzwa na transfoma, kisha dayodi huugeuza uende upande mmoja. Ukitoka hapo bado unakuja kwa mapigo, mara 100 kwa sekunde. Kapasita kubwa ndizo birika: hupokea mapigo hayo na kutoa umeme uliotulia. Birika likipungua, mapigo yafika hadi kwenye spika, nawe wasikia mngurumo.

Kwa nini zipungue? Ndani ya kopo la alumini mna karatasi nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa maji ya dawa, na mdomo wake umezibwa kwa mpira. Miaka ikipita, yale maji hukauka kidogo kidogo. Joto ndilo adui mkubwa. Kanuni ya mafundi ni kuwa ukipunguza joto kwa nyuzi 10, umri wa kapasita huwa karibu maradufu. Sasa fikirini joto la Mombasa, na juu ya amplifaya mama ametandika kitambaa cha kudarizi kilichoziba matundu yote ya hewa! Ongezeni chumvi ya baharini inayokula miguu ya vipuri, mtajua kwa nini vinanda vyetu huvuma mapema.

Kabla ya kulaumu kapasita, pima hivi: punguza sauti hadi mwisho. Mngurumo ukibaki vilevile, shaka iko kwenye kapasita kubwa za umeme. Ukipungua pamoja na sauti, angalia kwanza nyaya za mashine ya santuri na waya wake wa ardhi. Na usihukumu kwa macho peke yake. Kapasita iliyovimba kichwa imekufa, lakini nyingi hukauka bila kuonyesha dalili. Tena ile gundi ya kahawia chini yake mara nyingi ni gundi ya kiwandani, si maji yaliyovuja.

Sasa hatari. Ukichomoa waya ukutani, birika bado lina maji. Kapasita kubwa huweza kukaa na umeme kwa muda mrefu. Usiziguse, wala usizifyatue kwa bisibisi. Sisi hutumia rezista ya omu 1,000 ya wati 5, tukaishika kwa koleo lenye mpira kwenye miguu miwili ya kapasita kwa dakika moja, kisha twapima kwa mita hadi isome chini ya volti 1. Usiyeshika mita, mpe fundi kazi hiyo. Si aibu.

Ukienda kununua, shika mambo manne. Mikrofaradi ziwe zilezile. Volti ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Chagua zilizoandikwa nyuzi 105, si 85, kwa ajili ya joto letu. Na uzipime kwa mkono, kwa sababu kuna za bandia ambazo ni kopo kubwa lililofichwa kapasita ndogo ndani. Huwa nyepesi ajabu. Iliyong'olewa kwenye televisheni kuukuu usiikubali, hata ikisuguliwa ikang'aa. Yenye miguu mifupi na mabaki ya lehemu ishatumika.

Wakati wa kufunga, piga picha kwanza, kisha badilisha moja baada ya moja. Mstari ubavuni mwa kapasita waonyesha mguu hasi. Ukiigeuza, itapasuka kama ile yangu. Amplifaya ya ami ilikuwa na mbili kubwa, za mikrofaradi 6,800. Nilitia za volti 63, na nyingine ndogo kumi na mbili. Zile bapa za rangi, zisizo na maji ndani, tuliziacha kwa kuwa hazikauki.

Kuwasha nako kuna adabu. Fundi wangu huunganisha balbu ya kizamani ya wati 60, ile ya waya unaowaka, kwenye njia ya umeme kabla ya amplifaya. Ikimulika kisha ikafifia, salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna mahali pameungana. Yetu ilimulika, ikafifia. Nikaweka sikio kwenye spika. Kimya.

Jambo la kwanza nililofanya halikuwa kuirudisha Mombasa. Niliunganisha mashine ya kaseti, nikatoa waya kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye kompyuta, nikanakili ile kaseti yote, pande mbili. Mkanda nao huzeeka, na hakuna duka linalouza sauti ya nyanya. Nikamtumia ami kwa simu. Hakujibu hadi baada ya magharibi. Aliponipigia, alisema neno moja tu la haja: "Kitie basi, kije."

Basi ndugu zangu, mwenye kinanda cha mzee nyumbani asikimbilie kukiuza kwa kilo. Aondoe kitambaa juu yake leo. Kama hakijawashwa miaka mingi, asikichomeke moja kwa moja, akipeleke kwa fundi mwenye balbu. Na siku kikipona, kabla ya kupiga ngoma ya kufurahisha jirani, anakili kwanza zile kaseti za harusi.