Watoto wa Unguja na Mashindano ya Farasi

Kaskazini ya Mji Mkongwe, katika njia iendayo Bububu, ukisha kuyapita magofu ya Maruhubi, utayakuta magofu mengine makongwe zaidi, ya kasri la Mtoni, ambalo Sayyid Said bin Sultan alilifanya makao ya jamaa yake. Na katika yote yanayosimuliwa juu ya nyumba ile, hamamu zake, tausi wake na ua wake uliojaa watu, kuna jambo moja ambalo waongozaji wa wageni hulipita upesi, nalo ni kwamba mahali pale palikuwa pia chuo cha kuwafunza watoto kupanda farasi. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, na ambaye baadaye alijulikana huko Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizotolewa Berlin mwaka 1886, jinsi watoto wa nyumba ile, wa kiume na wa kike, walivyotiwa juu ya mnyama wangali wadogo kabisa, wakafunzwa kila siku mpaka miili yao ikazoea, na kisha kila mmoja akapewa mnyama wake mwenyewe: wavulana farasi, wasichana punda wale wakubwa weupe wa Maskati, ambao bei yao haikuwa ya mchezo. Alipohamia mjini, katika nyumba ya Beit al-Watoro, nduguye Majid, aliyekuja kutawala baada ya baba yao kufariki mwaka 1856, alizidi kumfunza upandaji pamoja na kutumia silaha. Na yule mke wa Kiajemi wa Sayyid Said, ambaye hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 kwa ajili yake, alikuwa na ada ya kutoka kwenda kuwinda juu ya farasi, jambo lililowashangaza wengi katika jamaa.

Basi mtu asituambie ya kuwa farasi ni mgeni hapa, au kwamba mtoto wa Kiunguja juu ya tandiko ni kioja kilicholetwa na watalii wa Kendwa na Nungwi, ambao leo hupanda farasi ufukweni jua likitua ili wapigwe picha. Lakini insafu yatutaka tuseme na la pili. Waliowashikia hatamu watoto wale wa Mtoni, wakawaosha farasi, wakawakatia majani na kuzoa samadi alfajiri, walikuwa watumwa, na majina yao hayakuandikwa na mtu. Elimu ile iligawanywa mafungu mawili: mmoja akapanda, mwingine akatunza. Ninalolitaka kulisema juu ya mashindano ya farasi kwa vijana limo katika mgawanyo huo.

Mashindano yenyewe, ambayo kwa Kiingereza cha kutoholewa huitwa iventi, yana sehemu tatu, na farasi mmoja na mpandaji mmoja huzipitia zote. Ya kwanza ni utii: farasi huingia katika uwanja uliopimwa, akaenda kwa hatua, akaenda mghadi, akageuka na kusimama kwa ishara ndogo za mwili wa mpandaji ambazo mtazamaji asiyejua hatazitambua, na waamuzi hutoa alama kwa kila kitendo. Ya pili, ambayo ndiyo roho ya mashindano, ni safari ya uwandani kwa mwendo wa shoti, juu ya magogo, mitaro, kingo za ardhi na madimbwi ya maji, kwa muda uliowekwa. Ya tatu ni kuruka miti iliyopangwa uwanjani, ambayo huanguka ikiguswa, ili ionekane kama farasi aliyekwisha kukimbia bado ana nguvu na akili ya kuinua miguu yake. Hesabu ni ya makosa, na mwenye machache ndiye mshindi: farasi akikataa kizuizi cha uwandani mara moja ni makosa 20, akikataa kizuizi hicho hicho mara ya pili huongezewa 40, na mara ya tatu hutolewa, kila mti unaoanguka katika sehemu ya mwisho ni makosa 4, na kila sekunde ya kuchelewa ina sehemu yake. Mpandaji akianguka, safari imekwisha.

Michezo hii ni ya askari kwa asili. Ilipoingia katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, walioruhusiwa walikuwa maofisa wa jeshi, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa kumpima farasi wa vita: awe mtulivu kwenye gwaride, awe shujaa uwandani, na kesho yake awe bado anafaa kwa kazi. Wanawake hawakushindana katika iventi ya Olimpiki mpaka Tokyo mwaka 1964, zaidi ya miaka mia moja baada ya mabinti wa Mtoni kupewa wanyama wao. Na tangu hapo wanaume na wanawake wamekuwa wakishindana pamoja bila ya madaraja mbalimbali, jambo ambalo ni adimu katika michezo.

Kwa vijana, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, lililoasisiwa mwaka 1921, limeweka ngazi kwa umri: wapandaji wa poni, yaani farasi wadogo wasiozidi sentimita 148 kimo cha begani bila ya viatu, ni wa miaka 12 hata 16, wadogo ni wa miaka 14 hata 18, na vijana ni wa miaka 16 hata 21. Hizo, hata hivyo, ni ngazi za juu. Chini yake ndipo penye kazi, na jirani yetu aliyeizoea zaidi ni Kenya, ambako Klabu ya Poni, iliyoanza Uingereza mwaka 1929, ilitia mizizi zamani, na ambako wazazi, kama wazazi wa kila nchi yenye mchezo huu, huijua vema taabu yao: kujaza fomu, kupeleka cheti cha chanjo ya mnyama, kuipima kofia ngumu na fulana ya kukinga kifua, kuamka usiku ili gari lifike kabla ya jua kukolea. Katika klabu hiyo mtoto hapandi daraja kwa kuruka juu tu. Hutahiniwa pia zizini: ajue kuzisafisha kwato, ajue kutofautisha mgongo mzima na mgongo uliochubuliwa na tandiko, ajue kiasi cha chakula na wakati wa maji, ajue kumtambua mnyama mgonjwa kabla hajalala chini. Yaani aliyepanda ndiye aliyeosha. Mimi naliona hili kuwa ni jambo bora kuliko medali zote za mchezo wenyewe, na ndilo ambalo Mtoni pamoja na fahari yake yote haikulifundisha.

Kuna desturi moja ya safari ya uwandani ambayo mwalimu ye yote angeipenda. Kabla ya siku yenyewe mpandaji huipita njia yote kwa miguu, peke yake au na mwalimu wake, akivipima vizuizi kwa hatua, akitazama wapi ardhi ni tepetepe na wapi jua litampiga machoni saa ya zamu yake. Lakini farasi haruhusiwi kuonyeshwa kitu. Mnyama hukiona kila kizuizi kwa mara ya kwanza akiwa mbioni, na hurukia jambo asilolijua kwa kuwa anamwamini aliye mgongoni. Imani hiyo hujengwa kwa miezi ya kushughulikiwa kila siku na mkono ule ule, na mtoto aliyezoea kukabidhiwa farasi aliyekwisha kutandikwa na saisi, kisha akamrudisha na kwenda zake kunywa soda, hataipata.

Sasa tuje kwetu. Kwa nini farasi hawakuenea Unguja kama walivyoenea ng'ombe na punda? Sababu kubwa ni maradhi. Kwa miaka mingi kisiwa hiki kilikuwa na mbung'o, na maradhi ya nagana yaliwaua wanyama wa kufugwa, mpaka ilipofanywa kazi ya ajabu katika miaka ya 1990: mbung'o madume walizalishwa kwa wingi Tanga, wakatiwa utasa kwa mionzi, wakamwagwa kutoka kwenye ndege juu ya kisiwa, hata majike wa porini wakakosa kuzaa, mbung'o wa mwisho alikamatwa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa kimesalimika. Wafugaji wengi vijana wa leo hawaijui habari hii, ingawa wanakula matunda yake. Yamebaki maradhi mengine yaitwayo tauni ya farasi, yaenezwayo na visubi wadogo wanaouma tangu machweo hata alfajiri, na dawa yake ni chanjo ya kila mwaka na kuwafungia farasi ndani kabla ya magharibi. Ni kwa ajili ya tauni hiyo nchi za Ulaya huweka masharti makali juu ya farasi wa Afrika, hata kijana wa Afrika Mashariki aendapo kushindana ng'ambo hulazimika mara nyingi kupanda farasi wa kuazima. Katika kuruka miti shirikisho limetafuta hila njema: njia moja iliyopimwa sawasawa hujengwa katika nchi mbalimbali, kila mtu hushindana kwao, na matokeo hulinganishwa.

Wapo watakaosema: farasi ni ghali, nasi tuna punda tu. Nami nawajibu kwamba punda wanatosha kuanzia. Lamu, wakati wa Maulidi na wakati wa tamasha la utamaduni, vijana hushindana kwa punda kando ya bahari, bila ya tandiko wala lijamu ya fahari, wakigeuza kwa goti na kwa fimbo nyembamba; na kwa kuwa mji ule una hospitali ya punda tangu mwaka 1987, hali ya wanyama imekuwa ikitazamwa na macho ya watu wanaojua. Vijana wetu wa shamba, wale waletao mchanga na matofali kwa magari ya punda, wana makalio yaliyokwisha kuzoea na mizani ya mwili ambayo mtoto wa mjini ataitafuta mwaka mzima. Wanachokikosa ni kufunzwa, na wengine wao, si vibaya kusema, wanachokikosa ni huruma. Husemwa kwamba fadhila za punda ni mateke. Lakini yatazame mabega ya punda wa gari, uone jeraha la nira, kisha uamue mwenyewe nani aliyeanza.

Mahali pa kuijenga njia ya uwandani napo si popote. Upande wa mashariki, kwenye maweni, ardhi ni jiwe la matumbawe lenye ncha, na kwato hupasuka. Ufukwe ni mzuri maji yakipwa, kwa sababu mchanga uliolowa hushikana, lakini hauna vizuizi wala vilima, na mwenye kuutumia hana budi kuijua bamvua. Pahali pake ni magharibi na katikati, kwenye udongo laini wa mashamba ya minazi na mikarafuu, ambako magogo yaliyoanguka hayahitaji kununuliwa. Wakati wake ni kusi, baada ya masika, kunako Julai na Agosti, pepo zikivuma, na saa yake ni asubuhi mapema. Hapa sichezi: joto la Unguja lina unyevu, na jasho la mnyama halikauki upesi likampoza. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 wataalamu walilichunguza tatizo hili kwa bidii, wakaona kuwa lililo bora ni kummwagia farasi mwili mzima maji baridi mengi, tena na tena, huku akitembezwa, wala si kumfunika kitambaa kibichi na kumwacha asimame. Tuna visima; ndoo si ghali.

Na kabla ya yote hayo yupo daktari wa mifugo. Katika mashindano makubwa ya iventi farasi hukaguliwa kabla ya kuanza, na hukaguliwa tena baada ya safari ya uwandani na kabla ya kuruka kwa mwisho: hukimbizwa kwa kushikwa hatamu mbele ya baraza la waamuzi, na akichechemea hatua moja, hata kama mpandaji wake ndiye aliyekuwa akiongoza, hutolewa. Mtoto aliyelia siku hiyo amepata somo ambalo mimbari nyingi hazikuweza kulitoa. Nasi tukianza, hata kama ni kwa punda kumi katika shamba moja la Dole au Kizimbani, tuanze na ukaguzi huo, kisha ndiyo tutafute kikombe.

Kwa hiyo nawaomba wenye kushughulikia michezo ya vijana katika Serikali ya Mapinduzi, pamoja na maofisa wa mifugo na wale wachache wenye farasi huko kaskazini, wasianze kwa kununua wanyama wapya wala kwa kualika wageni. Waite kwanza walimu wawili au watatu kutoka Kenya kwa muda wa kusi moja, wachague watoto wa kike na wa kiume, wa shamba na wa mjini, wawaweke zizini kabla ya kuwaweka mgongoni. Na mzazi atakayeombwa ada ya kumwandikisha mwanawe, kabla hajauliza vizuizi ni virefu kiasi gani, aombe aonyeshwe kwato za mnyama, mgongo wake, na pipa la maji yake, akikataliwa, asilipe.