Miwa na Petroli: Hesabu ya Brazili

Kwamba alkoholi itokanayo na mimea yaweza kuendesha motokaa ni jambo lililokwisha kuthibitishwa zamani. Swali gumu ni la bei: je, mafuta hayo yaweza kushindana na petroli bila hasara? Nchi iliyolijibu swali hili kwa vitendo, tena kwa gharama kubwa, ni Brazili.

Mwezi Novemba 1975, miaka miwili baada ya bei ya mafuta kupanda kwa ghafla duniani, serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango ulioitwa Proálcool. Maji ya miwa hutiwa hamira, nayo hamira hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na hewa ya ukaa. Kisha mchanganyiko hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa, ili alkoholi itengane na maji. Kazi hiyo yadai joto jingi, na hapa ndipo muwa unapoyapita mahindi: makapi yake yamo kiwandani tayari, nayo ndiyo kuni.

Hata hivyo, upo mpaka uliowekwa na kemia. Gramu 180 za glukosi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 92 za alkoholi. Zilizosalia hupotea hewani. Tani moja ya miwa hutoa lita 80 hivi. Tena, lita ya alkoholi ina nishati ipatayo theluthi mbili tu ya ile ya lita ya petroli, hivyo dereva atazamaye bei ya lita peke yake hujidanganya. Wabrazili wana kanuni nyepesi: bei ya alkoholi ikizidi takriban asilimia 70 ya bei ya petroli, afadhali petroli.

Katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya motokaa tisa katika kila kumi mpya zilizouzwa huko zilitumia alkoholi tupu. Mwaka 1986 bei ya mafuta ikaporomoka, na ruzuku ya serikali ikawa mzigo. Bei ya sukari ilipopanda mwishoni mwa miaka hiyo, wenye viwanda walipata faida zaidi kwa kutengeneza sukari. Vituo vikakauka. Mwananchi aliyeuitikia mwito wa taifa akabaki na motokaa isiyo na cha kunywa, na imani yake haikurudi upesi. Ilirudi kuanzia mwaka 2003, zilipoanza kuuzwa motokaa zipokeazo petroli, alkoholi, au mchanganyiko wowote wa hizo mbili.

Wapo wanaotumainia selulosi ya majani na makapi, kwa kuwa hailiwi na binadamu. Selulosi ni glukosi iliyofungamana kwa minyororo mirefu. Kuifungua kwahitaji asidi au vimeng'enya, na gharama yake imevishinda viwanda vingi. Wala makapi si ya bure. Kiwanda kitakachoyageuza yote kuwa alkoholi kitapata wapi joto la kukenekea?