Mtihani wa Majaribio na Mtihani wa Taifa

Mkulima wa pamba wa Mwanza anaweza kupima pamba yake nyumbani, kisha akapima tena gulioni. Mara nyingine uzito hautoki sawa. Katika miaka ya 1950 wakulima wa kandokando ya Ziwa Victoria waliunda vyama vya ushirika. Sababu mojawapo ilikuwa kutoiamini mizani ya wanunuzi. Basi mkulima anajua kuuliza: Mizani hii ni ya nani? Inapimaje?

Mzazi naye aulize hivyo juu ya mitihani.

Mtoto wa darasa la saba hufanya mitihani ya majaribio kabla ya mtihani wa taifa. Mtihani wa majaribio hutungwa na walimu wa shule, kata, wilaya au mkoa. Mtihani wa taifa hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mtihani huo hufanywa mwezi wa Septemba. Masomo ni sita. Kila somo lina alama 50, na jumla ni alama 300. Anayepata alama 121 au zaidi amefaulu.

Kwa nini alama za majaribio na za taifa hazilingani? Sababu ni nne.

1. Ugumu. Walimu wengine hutunga maswali magumu ili watoto waamke. Wengine hurudia maswali ya zamani ambayo watoto wameyakariri.

2. Usahihishaji. Mtihani wa majaribio husahihishwa na walimu. Katika mtihani wa taifa, tangu mwaka 2012, majibu ya kuchagua husomwa na mashine. Mtoto asiyeweka kivuli vizuri kwenye karatasi yake hupoteza alama.

3. Muda. Kati ya mitihani hiyo miwili mtoto anaweza kujifunza mengi. Anaweza pia kuzembea.

4. Hali ya mtoto. Malaria, njaa au hofu hupunguza alama siku yoyote.

Basi mzazi asitazame jumla peke yake. Tuseme mtoto amepata alama 110 katika majaribio ya wilaya. Uliza wenzake wamepata ngapi. Kama wengi wamepata chini ya 100, mtihani ulikuwa mgumu, na mtoto wako hayuko nyuma. Tuseme mwingine amepata 170, lakini wengi wamepita 200. Huyo asisifiwe mapema. Nafasi ya mtoto kati ya wenzake hueleza zaidi kuliko alama tupu.

Tena, tazama majaribio mawili au matatu, si moja. Mwombe mwalimu akuonyeshe somo ambalo mtoto anaanguka kila mara. Hapo ndipo pa kumsaidia.

Wako wazazi ambao wakiona alama ndogo mwezi wa Juni humtoa mtoto shuleni. Mvulana hupelekwa kuvua dagaa. Msichana huanza kutafutiwa mchumba. Hayo ni makosa makubwa. Mtihani wa majaribio hauchagui mtoto wa kwenda sekondari. Kazi yake ni kuonyesha palipovuja, ili pazibwe kabla ya safari. Mvuvi akiona mtumbwi unavuja ungali ufukoni, hauchomi moto. Huuziba.

Maswali
1. Nani hutunga mtihani wa taifa?
2. Taja sababu mbili zinazofanya alama zisilingane.
3. Mtoto wako akipata alama ndogo katika majaribio, utamwuliza mwalimu nini?