MBAO TELE MAFINGA, MTOTO HANA KITI!

Kama umewahi kupita barabara kuu ya kwenda Mbeya, basi Mafinga unaijua hata kama hujalala hapa siku moja. Ni pale basi linaposimama, kondakta anatangaza dakika 10 za kuchimba dawa, na kabla hujanyoosha miguu madirisha yameshajaa mikono: mayai ya kuchemsha, mahindi, karanga, maji. Wale akina mama hawatembei, wanakimbia. Anayefika dirishani wa kwanza ndiye anayeuza. Wa tatu anarudi na beseni lake kama alivyokuja.

Sasa jaribu kukimbia hivyo ukiwa na mtoto wa miaka 7 mgongoni.

Jirani yangu alijaribu, miaka na miaka. Ninakaa naye nyumba moja ya kupanga huku Kinyanambo, chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo ninayoyaandika si ya kuhadithiwa. Jina lake liko kapuni, ndivyo alivyoniomba. Mtoto wake wa kiume ana mtindio wa ubongo. Shingo haijakaza vizuri, mgongo unalegea, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi. Kuongea haongei. Lakini asikudanganye mtu, anaelewa! Mwenye nyumba wetu ana jogoo mmoja mkorofi anayefukuza wageni, na mtoto yule akisikia tu geti linafunguliwa anaanza kucheka kabla mgeni hajakimbia.

Niseme ukweli, shetani aibike. Nilipohamia pale mimi mwenyewe nilimwita zezeta. Sikusema mbele ya mama yake, nilikuwa naongea na rafiki yangu kwenye simu, nikasahau kwamba ukuta wenyewe una nyufa. Kesho yake asubuhi yule mama akanisalimia kama kawaida, halafu akaniambia, "Mdogo wangu, mwanangu ana jina," akanitajia. Basi. Hakuongeza neno, akaendelea kuosha mayai yake. Bora angenitukana.

Mtoto alizaliwa hakulia. Uchungu ulikuwa mrefu, akatoka amechoka, hewa haikufika kichwani inavyotakiwa. Hiyo ni sababu mojawapo tu. Wengine huzaliwa njiti, wengine hupata manjano kali siku za mwanzo ikacheleweshwa kutibiwa, wengine huumwa homa ya uti wa mgongo au malaria ikapanda kichwani. Ubongo ukishaumia haurudi ulivyokuwa, ila pia jeraha lenyewe haliendelei kukua, na mazoezi yanasaidia sana mwili usikakamae zaidi. Wala hauambukizi, hata mkilala kitanda kimoja. Nalisema hili kwa sababu kuna mpangaji pale kwetu aliyekuwa anawavuta wanawe mkono wasimsogelee.

Maneno mengine yaliyosemwa, mh! Kwamba mama alikula vya watu. Kwamba kuna mizimu ya upande wa baba haijatambikiwa. Baba mwenyewe alipoona maneno yamezidi akasema anakwenda Tunduma kutafuta maisha. Simu yake inaita mpaka leo, haipokelewi. Na mtoto alipoanza kupata degedege, bibi mmoja wa mtaani akashauri afukizwe kinyesi cha tembo. Bibi wa watu alikuwa na nia njema tu, maana hiyo ni dawa ya wazee katika sehemu nyingi za nchi. Mtoto akafukizwa, akakohoa wiki nzima, degedege ikabaki pale pale mpaka alipoanzishiwa vidonge vya kifafa hospitali.

Lakini mimi leo sitaki kuongelea sana uchawi. Nataka kuongelea kiti.

Mgongo wa mama huyu ndio uliokuwa kila kitu cha mtoto. Akipika, mtoto mgongoni. Akienda kisimani, mgongoni. Akimlaza chini ili apumzike dakika mbili, mtoto anabaki anaangalia dari. Na baridi ya Mafinga ya mwezi wa 6 na wa 7 si baridi ya kumlaza mtoto sakafuni, hata ukitandika mikeka mitatu. Mtoto naye hagandi kwenye kilo zilezile, anakua kama watoto wengine. Usiku nilikuwa namsikia mama akigeuka kitandani anaguna, kiuno kimekufa.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kwenye kula. Alikuwa anamlaza mapajani chali, anamnywesha uji mwepesi, maana ndivyo mtu anavyomlisha kichanga. Mtoto anapaliwa, anakohoa, macho yanamtoka. Mwaka mmoja alilazwa mara tatu kwa nimonia, na kila mara watu walisema ni baridi. Kumbe uji ulikuwa unapotea njia! Mtoto wa namna hii akilishwa akiwa amelala, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu badala ya tumboni, na hapo nimonia haikosekani.

Tuliyajua haya siku nilipomsindikiza kliniki. Siku hiyo sikuwa na hela wala habari ya kuandika, nikasema ngoja nimpokezane mama wa watu mzigo, nikambeba mtoto mimi mpaka bodaboda. Msomaji, nilihema! Mimi kijana mzima ninayejisifu nacheza namba 4, nilihema. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwangalia mtoto, akamkunja magoti, akamgusa shingo, halafu akauliza, "Mama, huyu anakaa wapi?"

Mama akajibu, "Kinyanambo."

"Siulizi mtaa. Nauliza anakalia nini?"

Kimya. Tukaangaliana.

Jamani! Huu ni mji wa mbao. Msitu wa Sao Hill, ambao ni shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, uko hapa hapa Mufindi. Malori yanapita mchana na usiku yamelalia matairi kwa magogo na mbao za paina, yanakwenda kujenga nyumba za watu Dar es Salaam na Dodoma. Mashine za kupasulia mbao tunazisikia kama watu wa pwani wanavyosikia bahari. Mabanzi tunachomea chai. Halafu katikati ya mbao zote hizo kuna mtoto ameishi miaka 7 hana kiti cha kukalia, na si mama yake tu ambaye hakuwaza. Hata mimi niliyekuwa namwona kila siku sikuwaza.

Mtaalamu akatuchorea kwenye karatasi ya daftari. Tukaenda kwa fundi seremala mmoja anayetengeneza vitanda, tukamwonyesha, akasema hiyo kazi ya dakika tano. Kiti cha kwanza kilikuwa kichekesho. Fundi hakumpima mtoto, alikadiria kwa macho, akatengeneza kikao kirefu kama cha mzee wa baraza. Mtoto tukimkalisha anateleza taratibu kwenda chini mpaka kidevu kinafika kwenye kikao. Mama akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakawa ya kweli, maana hela ya mbao ilikuwa ya mayai ya wiki mbili.

Mara ya pili fundi akaja mwenyewe nyumbani na futi kamba. Akapima kutoka makalioni mpaka nyuma ya goti, kutoka goti mpaka kisigino, kutoka kikao mpaka kwapani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kiti cha mtoto kama huyu si stuli. Makalio lazima yafike nyuma kabisa, nyonga ikunjike kama herufi L, magoti vilevile, na nyayo zikanyage ubao, zisining'inie. Katikati ya mapaja kunawekwa kigingi kilichoviringishiwa kipande cha godoro ili miguu isipishane. Mkanda unapita kwenye nyonga. Usiufunge tumboni, utamkaba. Mbele kunakuwa na kimeza cha kuegemeza mikono. Fundi alivyokuwa amenogewa akapiga na msasa mara mbili, na hela ya kazi ya mara ya pili hakuchukua. Alisema yeye hakuwahi kuulizwa atengeneze kitu kinachomhitaji mtu mmoja tu duniani.

Siku ya kwanza mtoto alilia. Mwili haukuzoea kusimama wima. Tuliambiwa tuanze na dakika chache, tuongeze kidogo kidogo, na tukaongeza. Kulisha nako kukabadilika: anakaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kinatokea mbele na si juu, uji mzito badala ya ule wa kumiminika, na akimaliza halazwi mpaka nusu saa ipite. Mlo mmoja unachukua karibu saa nzima, nisikudanganye. Ila tangu mwezi wa 2 hajalazwa.

Wewe unayesoma ukiwa sehemu isiyo na mbao za bei hii, usikate tamaa. Zimbabwe kuna mwalimu aliitwa Bevill Packer ambaye tangu miaka ya 1980 alifundisha watu kutengeneza viti vya watoto kama hawa kwa maboksi na magazeti ya zamani. Unabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa unga, unagandamiza, unakausha juani, kinakuwa kigumu kama ubao, halafu unapaka rangi kisinywe maji. Kwa hiyo gazeti hili ukishalimaliza usifungie maandazi. Kwa huku kwetu tatizo litakuwa jua la kukaushia tu!

Na kwa kuwa nimeshataja kinyesi cha tembo, ngoja nimalizie. Iringa mjini, kama kilometa 80 kutoka hapa, kulianzishwa kituo kinaitwa Neema Crafts mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Aliyekianzisha, Mwingereza Susie Hart, mwenyewe ana ulemavu wa viungo. Alianza na vijana watatu viziwi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza karatasi. Kwa nini? Kwa kinyesi cha tembo! Baadaye kikaja na mgahawa wenye wahudumu viziwi, mteja anaandika anachotaka. Nilipomsimulia jirani yangu akakaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe na sisi tungekitengenezea daftari."

Daftari anauliza kwa sababu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama mwingine yeyote. Shule ya kwanza aliyopelekwa, mwalimu mkuu alimtazama kutoka mbali akasema arudi atakapoweza kujisaidia mwenyewe. Mama amesema safari hii atakwenda na mtoto akiwa amekaa, si akiwa amebebwa, aone watasemaje. Mimi nimeahidi kubeba kiti.

Kwa sasa mtoto anashinda stendi. Kiti kinawekwa chini ya mwavuli wa mama mmoja muuza matunda, wanapeana zamu ya kumwangalia. Basi likiingia anapiga kimeza kwa kiganja, pa pa pa, na mama yake anaondoka mbio na beseni, mgongo mtupu. Wiki iliyopita alifika dirishani wa kwanza kwa mabasi mawili mfululizo, akamaliza trei nzima kabla ya saa sita.

Ila miguu ya kijana imeanza kurefuka, magoti yanagonga kimeza. Jumamosi tuna miadi na fundi, kasema aje na futi kamba yake upya.