Mzigo Mmoja, Namba Nyingi

Kata ya Chemchem imo mjini Tabora, mji uliokua juu ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Katika karne ya 19, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, wapagazi Wanyamwezi walichukua pembe, nguo na shanga katika mizigo ya kilo 30 hivi. Mzigo mmoja waweza kuwa na maelfu ya shanga. Lakini aliyetaka kujua idadi ya wapagazi alihesabu mizigo, si shanga.

Hesabu ya namna hiyo hutumika katika GNU Radio, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo humwezesha mwanafunzi kuchunguza ishara za redio kwa kompyuta. Kazi hugawanywa katika bloki, na mtumiaji aweza kuunda bloki yake mwenyewe kwa lugha ya Python. Namba huingia upande mmoja, matokeo hutoka upande wa pili.

Namba zikifungwa katika vekta zenye namba 1,024, kila vekta huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Zikifika vekta 10 kwa pamoja, bloki hupokea jedwali la safu mlalo 10, kila safu ikiwa na namba 1,024. Ikiwa nayo yatoa vekta 10, yapasa itoe taarifa ya vitu 10, si 10,240.

Urefu wa vekta usipolingana baina ya bloki mbili, GNU Radio hukataa kuziunganisha. Kosa hilo hujitangaza. Lililo baya zaidi ni kosa lililo kimya.

Tuseme twataka wastani wa kila vekta: iingiapo vekta, itoke namba moja. Tukiamuru wastani bila kutaja mhimili, namba zote 10,240 huchanganywa, na jibu moja hujazwa katika nafasi zote 10. Onyo halitolewi. Ishara fupi iliyokuwamo katika vekta ya tatu pekee humezwa, na mchoro utokao ni laini lakini wa uongo. Dawa yake ni kuongeza maneno axis=1, ili kila safu ipate wastani wake.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa vekta mbili: 1, 1, 1, 1 na 9, 9, 9, 9. Bloki iliyo sahihi itatoa 1 na 9. Ikitoa 5 na 5, mizigo imefunguliwa na shanga zimechanganywa.