Michezo 36 ya Hasheem: Msimu tuliousahau

Mtajie kijana yeyote wa Dar es Salaam jina la Hasheem Thabeet, naye atakujibu upesi kwamba huyo ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani. Pengine ataongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba huko hakung'ara kama ilivyotarajiwa. Hapo mazungumzo hukoma, kana kwamba habari yote imekwisha.

Lakini ipo sehemu ya habari hiyo ambayo wengi wetu hatukuisimulia ipasavyo. Ni msimu wa 2008/09, ambapo kijana huyo alikuwa nguzo ya timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut. Timu ile ilicheza michezo 36, ikashinda 31 na kushindwa mitano. Katika kurasa hizi za familia tumeona vema kuurejea msimu huo, kwa kuwa ndani yake mna mambo yanayowahusu wazazi na walezi pengine kuliko yanavyowahusu mashabiki.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Watu wengi hudhani kwamba kimo chake cha futi 7 na inchi 3 ndicho kilichomfikisha alikofika. Kimo ni kipaji cha Mwenyezi Mungu, wala hakuna anayekitolea jasho. Ila Hasheem aliushika mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15, wakati wenzake wa Marekani walikuwa wameucheza tangu utotoni. Alimalizia masomo ya sekondari katika jiji la Houston, kisha mwaka 2006 akajiunga na chuo hicho. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda michezo 17 na kushindwa 14, na wala haikualikwa katika mashindano makuu ya taifa. Msimu wa pili ilialikwa, ikatolewa katika mchezo wa kwanza tu kwa tofauti ya pointi moja, 70 kwa 69, baada ya muda wa nyongeza. Siku hiyo hiyo kiongozi wa mashambulizi yao, A.J. Price, aliumia vibaya goti.

Basi msimu tunaouzungumzia ulianza juu ya majeraha hayo. Price alirejea uwanjani baada ya miezi ya matibabu. Palikuwa na Jeff Adrien na Craig Austrie, ambao kama Price walikuwa katika mwaka wao wa mwisho wa kuichezea timu hiyo, na palikuwa na kijana mgeni kutoka New York aliyeitwa Kemba Walker. Kocha alikuwa Jim Calhoun, mzee aliyekwisha kukipatia chuo hicho ubingwa wa taifa mara mbili. Walishindwa na Georgetown mwishoni mwa Desemba, kisha wakashinda mfululizo michezo zaidi ya kumi. Katika safari hiyo waliifunga Notre Dame nyumbani kwake, mahali ambapo timu hiyo ilikuwa haijashindwa katika michezo 45. Ilipoingia Februari, walikuwa wamewekwa nafasi ya kwanza nchini Marekani.

Kazi ya Hasheem katika timu hiyo ilikuwa ya ulinzi. Kwa wastani alifunga pointi 13.6 na kudaka mipira 10.8 iliyodunda katika kila mchezo. Hata hivyo, kilichomtofautisha na wengine ni mitupo ya wapinzani aliyoizuia kwa mkono wake, wastani wa 4.2 kwa mchezo. Dhidi ya Providence alizuia 10 peke yake. Na hesabu hiyo haielezi yote. Wapo wapinzani waliofika karibu na kikapu, wakamwona amesimama, wakageuka na mpira wao au wakaurusha vibaya kwa hofu. Mtupo ambao haukutupwa hauandikwi katika daftari lolote, ingawa kocha anaujua na wachezaji wenzake wanaujua.

Wazazi wataielewa kazi ya namna hiyo. Baba aliyemkatalia mwanawe safari isiyo na maana, mama aliyekesha akimngojea binti arudi, mwalimu wa madrasa aliyemwona mtoto akianza kupotea akamwita kando: hakuna anayeandika idadi ya maovu yaliyozuiwa. Tunayahesabu yaliyotokea tu.

Kisha ukaja mtihani. Tarehe 16 Februari 2009, siku ambayo Hasheem alitimiza miaka 22, timu ya Pittsburgh iliwafuata mjini Hartford. Mbele yake alisimama DeJuan Blair, kijana mfupi kuliko yeye kwa kiasi kikubwa lakini mwenye mwili wa jabali. Katika kugombea mpira mikono yao ilishikana, na Blair akamtupa Hasheem juu ya bega lake hadi chini, mbele ya taifa zima lililokuwa likitazama katika televisheni. Usiku huo Blair alifunga pointi 22 na kudaka mipira 23. Hasheem alipata pointi 5 na mipira 4. Connecticut ilishindwa 76 kwa 68, na nafasi ya kwanza ikaponyoka. Siku chache kabla ya hapo, mmoja wa wafungaji wao wakuu, Jerome Dyson, alikuwa ameumia goti na msimu wake ukaishia hapo.

Kijana anaweza kuvunjika kwa usiku mmoja kama ule. Hasheem aliendelea kufanya kazi. Mwezi uliofuata walishindwa tena na Pittsburgh, lakini jopo la makocha wa ligi yao ya Big East lilipomchagua mchezaji bora wa msimu, lilimtunuku Hasheem pamoja na yule yule Blair aliyemtupa chini. Juu ya hayo alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi hiyo.

Siku mbili baada ya tuzo hiyo, Alhamisi ya tarehe 12 Machi, walikutana na Syracuse katika robo fainali ya ligi, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Mchezo ulianza baada ya saa tatu na nusu usiku. Muda wa kawaida ulipokwisha walikuwa sare, 71 kwa 71. Wakaongezewa dakika tano, sare. Wakaongezewa tena, sare. Hadi ikafika nyongeza ya sita. Katika nyongeza tano za mwanzo Syracuse haikuwahi kuongoza hata mara moja, na kila Connecticut ilipokaribia kuufunga mlango, mpinzani alipenya. Ilipotimu saa saba na dakika zaidi ya ishirini usiku, Syracuse ilikuwa imeshinda 127 kwa 117. Hapa kwetu ilikuwa tayari asubuhi ya Ijumaa, watu wamekwisha kufungua maduka na ofisi.

Tunaona kwamba thamani ya msimu ule ilionekana wiki moja baadaye. Mashindano ya taifa yalianza, na kwa utaratibu wake timu inayoshindwa mara moja hurudi nyumbani. Asubuhi ya mchezo wa kwanza kocha Calhoun aliugua, akabaki hospitalini. Wachezaji waliingia uwanjani wakiongozwa na msaidizi wake, George Blaney, wakaifunga Chattanooga 103 kwa 47. Kocha aliporejea, wakazitoa Texas A&M, Purdue na Missouri, wakafika nusu fainali mjini Detroit. Huko walipambana na Michigan State, timu ya jimbo hilo hilo, mbele ya watazamaji zaidi ya 72,000. Walishindwa 82 kwa 73, na msimu ukaishia hapo bila kikombe.

Mwezi Juni mwaka huo Hasheem aliteuliwa wa pili katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, akichukuliwa na timu ya Memphis. Aliondoka chuoni baada ya miaka mitatu, kabla ya ule wa nne. Hatuna haki ya kumlaumu, kwani nafasi kama ile haiji mara mbili. Lakini uamuzi wa namna hiyo, mwana aendelee na masomo au afuate riziki iliyobisha hodi, ni wa familia kuuzungumza mapema na kwa utulivu, kabla mtu wa kati hajafika na karatasi za kusainiwa.

Tunaandika haya kwa sababu katika mitaa yetu wapo watoto warefu, wapo wenye mbio, wapo wenye sauti nzuri ya kusoma. Tunawashangilia haraka, na wakianguka tunawacheka haraka vile vile. Mzazi aliyejaliwa mtoto mwenye kipaji na aulize kwanza: ni nani atakayemfundisha, masomo yake yatalindwa vipi, na siku akitupwa chini mbele za watu, nani atakuwa pembeni yake? Connecticut ilikuwa na majibu ya maswali hayo. Ilikuwa na walimu, na wenzake waliokuwa wakiuokota mpira aliouzuia na kwenda nao mbele.

Hasheem alipoanguka Hartford, aliamka kwa sababu timu ilimngoja na mazoezi ya kesho yake yalikuwepo. Miaka ilipopita na mambo ya NBA yakamwendea kombo, wengi wetu huku nyumbani tulibaki na mzaha tu. Insha Allah, kwa kijana mwingine atakayetoka kwetu, tutakuwa wema zaidi ya hapo.